Shajara ya Mradi: Kupanga Sehemu Zote za Star Trek, ya Kwanza Hadi ya Mkia

6 Januari

Leo usiku tumeanza. Tuko watatu: mimi hapa Tanga, mjomba wangu anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na binamu yangu, bintiye mjomba, anayefundisha shule Muscat. Tumejipa kazi ya kutazama Star Trek ile ya mwanzo kabisa, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969, halafu kuzipanga sehemu zake zote kwa ubora. Kumi bora kila mpenzi wa tamthilia hii anazo kichwani, na ukimwamsha usingizini atakutajia. Sisi tunataka kujua ya 43 ni ipi, na kwa nini imeishinda ya 44.

Misimu ni mitatu: sehemu 29, kisha 26, kisha 24. Kila moja ina dakika 50 hivi, kwa hiyo mbele yetu kuna saa kama 66 za kutazama. Tutakwenda tatu kwa wiki, saa tatu usiku kwetu, saa nne kwa Muscat. Mungu akijaalia tutamaliza Julai.

Tumekubaliana tufuate mpangilio wa kurushwa hewani, na tutazame picha za awali, si zile zilizotengenezwa upya mwaka 2006 kwa kompyuta. Kila mmoja atatoa alama kati ya 1 na 10, kisha nachukua wastani. Mimi ndiye karani.

Mjomba nimweleze kidogo maana atatajwa sana. Alikuwa baharia, afisa wa redio kwenye meli za mizigo, mtu wa Morse na hedifoni. Star Trek niliijua kwake, nikiwa darasa la tano, kwa kanda za video alizorudi nazo safari. Enterprise, inayowabeba mashujaa wa tamthilia hii angani, yeye haiiti chombo wala roketi. Anaiita meli, na hata mimi sasa siwezi kuiita vingine.

8 Januari

Sehemu ya kwanza kurushwa ni "The Man Trap". Kiumbe kinachokula chumvi kinajigeuza sura kumfuata kila mtu kwa yule anayemtamani moyoni. Kwa Dakta McCoy, mganga wa meli, kinakuja kama mpenzi wake wa zamani. Kwa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, kwenye ujia wa meli, kinakuja kama mwanamume mweusi mrefu, tena kinamsemesha Kiswahili.

Tumeirudisha mara nne. Lafudhi ni ya Kimarekani tupu na maneno yanataka sikio la huruma, lakini ni Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, usiku wa kwanza kabisa wa tamthilia hii. Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano tangu ipate uhuru. Na jina la Uhura lenyewe limetoka kwenye neno letu hilo hilo, uhuru, likabadilishwa irabu ya mwisho.

Binamu alisema kwenye simu: "Kaka, umeona lakini? Kiswahili kimeletwa kuwa chambo." Kweli. Mtu wa mbali na kwao huvutwa kwa lugha kabla ya kuvutwa kwa sura. Yeye yuko Muscat mwaka wa tisa, anajua anachosema.

Alama: mimi 8, mjomba 7, binamu 7.

27 Januari

Jioni nzima imepotea kutafuta mstari mmoja. Kila chanzo kinasema sehemu 79, jedwali langu lina 78. Nikahesabu kwa kidole, msimu kwa msimu. Kumbe nilikuwa nimeandika "The Menagerie" mara moja, na yenyewe ni sehemu mbili, zilizorushwa tarehe 17 na 24 Novemba 1966.

Nilitaka kuitenganisha. Mjomba akakataa, na nadhani yuko sahihi. Hadithi ile ni moja. Ndani yake wameshona filamu ya majaribio ya kwanza, ile ambayo NBC iliikataa, yenye nahodha mwingine kabisa, Pike, badala ya Kirk, na Spock, afisa wa sayansi wa meli, akiwa kijana. Ukiikata katikati unabaki na mahakama isiyo na hukumu. Hata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za kisayansi, ya mwaka 1967 walipewa kwa zote mbili pamoja. Basi jedwali linabaki na mistari 78 na tunajua sababu.

10 Februari

Alama zimetushinda. Nimeweka sehemu 15 za kwanza kwenye jedwali na nikaona "Balance of Terror" na "Shore Leave" zimelingana, wastani 7.3 kila moja.

Mwenye kuzijua hizi mbili ataelewa kwa nini nilikaa nikikodolea macho ile skrini. "Shore Leave" ni sehemu ya mapumziko: mabaharia wanashuka kwenye sayari inayotimiza kila wazo, anatokea sungura mkubwa mwenye saa, anatokea shujaa juu ya farasi. Inapendeza. "Balance of Terror" ni vita vya manowari angani. Waromula, maadui, wana meli isiyoonekana, Kirk anawinda kivuli, na pande zote mbili zinazima mitambo na kukaa kimya zikisikilizana. Asubuhi hiyo ndani ya Enterprise kulikuwa na harusi, na hadi jioni bwana harusi amekufa. Kuna mtu gani aliyezitazama zote mbili akaona ni sawa?

Nikagundua tatizo liko kwenye mikono yetu. Mjomba hashuki chini ya 6, anasema kuna watu walilala njaa kuandika kitu hiki. Binamu ni mwalimu, 4 kwake ni alama ya kawaida na 8 ni ya kutunzwa. Mimi alama zangu zinafuata nimekula nini na umeme umekatika mara ngapi. Wastani unachanganya mizani tatu zisizolingana halafu unatoa namba yenye nukta, nayo nukta inakufanya uamini kuna kipimo.

Nimependekeza tuache alama. Kila sehemu mpya itapambanishwa na zilizokwisha kupangwa, mbili mbili, na swali ni moja tu: ukiambiwa moja ipotee duniani, unaokoa ipi? Wawili wakikubaliana, imekwisha.

Kuzipambanisha zote na zote ni mapambano 3,003, umri hautoshi. Lakini ukianza na ile iliyo katikati ya orodha, unajua mpya inakwenda nusu ya juu au ya chini. Unachukua ya katikati ya nusu hiyo, na kuendelea hivyo. Kwa mistari 78 hakuna itakayohitaji zaidi ya mapambano 7, na jumla haiwezi kupita 419. Ni njia ile ile ya kutafuta jina kwenye daftari la simu.

Tena nimeongeza safu mpya kwenye jedwali: sababu. Anayeshinda kura lazima aseme kwa nini, na mimi naandika alivyosema.

17 Februari

Tumerudia zote 15 kwa njia mpya, tukatumia usiku mbili na mapambano 41. "Balance of Terror" imekwenda juu kabisa, kura tatu kwa sifuri. "Shore Leave" iko ya 11.

Safu ya sababu, mjomba: "Kimya kile ni kweli." Nikamwomba aongeze. Akasema miaka ya themanini, vita vya Iran na Iraki vilipokuwa vinapiga meli za mafuta Ghuba, walipita pale usiku wakisikiliza masafa ya dharura, na mabaharia walikuwa wanavua viatu bila kuambiwa na mtu. Kwenye sehemu hii watu wa Enterprise wananong'ona, ilhali angani hakuna sauti inayosafiri. Wapo wapenzi wanaolihesabu hilo kuwa kosa la sayansi. Mjomba anasema ndivyo mtu anavyokuwa anapowindwa.

Na kitu nilichokuwa sikukiona miaka yote hii: ofisa wa kuelekeza njia anapoondolewa mahali pake, Kirk anamwambia Uhura akalie kiti hicho, naye anakwenda, anakaa, anafanya kazi. Hakuna anayeshangaa.

14 Aprili

Mwezi mtukufu ulitupunguzia mwendo, tulikuwa tunatazama moja baada ya tarawehe na wakati mwingine hata hiyo hapana. Idi imepita, msimu wa kwanza umekamilika: mistari 28, mapambano 104.

"The City on the Edge of Forever" imechukua namba moja kutoka kwa "Balance of Terror". Haikunishangaza. Iliandikwa na Harlan Ellison, ikarushwa tarehe 6 Aprili 1967, ikapata Hugo mwaka uliofuata, na tangu hapo wapenzi wengi huiweka juu. Kirk anarudi New York ya miaka ya thelathini, anampenda Edith Keeler anayelisha maskini, halafu anajua kwamba asipomwacha afe, historia yote itageuka. Mwisho McCoy anataka kumwokoa na Kirk anamshika. Mjomba hakusema chochote, alinyoosha kidole kimoja juu kuonyesha namba.

Mkia umeshikwa na "The Alternative Factor". Muigizaji aliyekuwa amepangwa hakutokea kazini, ikabidi atafutwe mwingine harakaharaka, na sehemu nzima inatembea kama mtu aliyeamshwa ghafla. Inaniuma kwa sababu ya Luteni Masters, mhandisi mwanamke mweusi, aliyepewa mistari michache tu kisha akasahauliwa.

21 Aprili

Msimu wa pili. Wiki hii tumetazama tatu, na mbili kati ya hizo zimekaa kifuani.

Kwanza "Who Mourns for Adonais?" Apollo mungu wa Wayunani ameishika meli kwa mkono, kwa kweli mkono mkubwa wa kijani angani. Hadithi yenyewe ni ya wastani. Lakini mawasiliano yamekatika na Uhura anakaa na kifaa chake cha kulehemu, anaunganisha upya saketi nyaya kwa nyaya. Anasema hajafanya kazi ya aina ile kwa miaka. Spock anamjibu kwamba hamjui mtu mwingine anayeiweza kuliko yeye.

Mjomba aliomba nisimamishe picha. Akasogea karibu na televisheni, akatazama vidole vya Nichelle Nichols, anayemcheza Uhura. "Anashika vizuri," akasema. "Mtu asiyejua hushika karibu na moto." Akaniambia habari ya usiku mmoja, bahari imechafuka, transmita imekufa, yeye amejifunga kwenye kiti kwa mkanda wa suruali na anasubiri meli ilale upande mmoja ili alehemu, kisha anainua mkono inapogeuka. Sehemu hii mimi na binamu tungeiweka ya 24. Mjomba akatushawishi, ikaingia ya 15.

Ya pili ni "The Changeling", iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967. Nomad, mashine iliyotumwa na binadamu ikapata ajali angani na kuungana na mashine ngeni, inazunguka kuua kila kisicho kamili. Imekwisha kuua watu bilioni nne. Ndani ya Enterprise inamsikia Uhura akiimba, inauliza wimbo una kazi gani, hairidhiki na jibu, inamfuta kumbukumbu zote. Baadaye tunamkuta kwenye chumba cha wagonjwa anafundishwa upya kusoma, kama mtoto wa chekechea. Neno la Kiingereza linamshinda, anakasirika, na kinachomtoka ni Kiswahili.

Mimi na binamu tulipiga kura juu, juu, juu. Mjomba kila mara chini. Imekaa ya 6 kati ya 31. Safu ya sababu niliandika mwenyewe: "Kiingereza kilikuwa ghorofa, Kiswahili ndio msingi." Nilijisikia vizuri sana nilipoandika.

28 Aprili

Duara. Sikutegemea.

"Mirror, Mirror" imefika na tukaipambanisha kileleni. Ni ile ya Enterprise ya upande wa pili, ambako Shirikisho la sayari, ambalo meli inalitumikia, ni himaya katili na Spock ana ndevu. Matokeo ni haya: "Balance of Terror" inaishinda "The Devil in the Dark" kwa kura za mjomba na binamu. "The Devil in the Dark" inaishinda "Mirror, Mirror" kwa kura zangu na za mjomba. Na "Mirror, Mirror" inaishinda "Balance of Terror" kwa kura zangu na za binamu. Ya kwanza inampiga wa pili, wa pili anampiga wa tatu, wa tatu anampiga wa kwanza.

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja wetu ana mpangilio ulionyooka kichwani mwake, ila tukizijumlisha kura zinajipinda. Condorcet wa Ufaransa aliliandika jambo hili tangu 1785, akizungumzia uchaguzi wa watu. Tukazitazama zote tatu usiku mmoja, tukapiga kura upya kwa karatasi, kila mtu akarudi pale pale.

Nilishawishika kutafuta hesabu ya kuwalazimisha. Nimeamua nisifanye. Zinakaa pamoja, namba 2 hadi 4, bila kutanguliana.

"The Devil in the Dark" ni yangu, nitaitetea mpaka mwisho. Wachimba madini wa Janus VI wanauawa na kiumbe cha mwamba, Horta. Ndani ya vazi lile yuko Janos Prohaska anatambaa sakafuni, na unaliona wazi ni zulia la mpira. Kisha Spock anagusa akili yake na tunajua ni mama, na ile mipira ya mawe ambayo wachimbaji wamekuwa wakiivunja ni mayai yake. Kuanzia dakika hiyo sioni mpira tena.

5 Mei

Mjomba aliniita kwake mchana, si usiku wa kutazama. Nikamwamkia, akaniambia nikae. Alitaka tuzungumze "The Changeling".

"Mpwa wangu," akasema, "umesikia McCoy anasema nini mwishoni?" Nilikumbuka. McCoy anasema Uhura amekwisha kufika kiwango cha chuo na wiki moja tu atarudi kazini. "Mimi neno *kijiko* lilinichukua miezi saba."

Mkewe, Mungu amrehemu, alipata kiharusi. Alikuwa anazungumza Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza cha kuuzia duka. Vyote viwili vya kuazima viliondoka siku moja, na Kiswahili kikabaki vipande, tena cha Pangani alikozaliwa, maneno ya bibi yake. Mjomba alikuwa anaweka vitu mezani kila asubuhi baada ya chai: kijiko, kikombe, funguo, kitana. Anashika, anataja, anasubiri. Alinionyesha kile kijiko. Ni cha bati, kimepinda shingoni.

"Kwa hiyo wanaposema wiki moja," akasema, "siwezi kuwapa namba sita."

Nilirudi nyumbani nikasoma ile sababu niliyoandika. Nimeifuta.

7 Mei

Nilidhani binamu akisikia atabadilisha kura. Hakubadilisha. Mama yake alipougua yeye alikuwa Muscat, na wakizungumza kwa simu mama alikuwa hawezi kusema hata jina la mwanawe. Lakini alikuwa anaimba. Wimbo wa kubembelezea mtoto, wote, beti hadi beti, maneno yaliyonyooka, kisha simu inakaa kimya kwa sababu hakuna neno la kusema kwaheri.

"Kaka, Nomad alimfuta kwa sababu ya wimbo," akaniambia. "Aliyeandika alijua kitu au hakujua, mimi sijali. Kosa lao ni kwamba pale kitandani hakuna aliyemwimbia. Lakini ile hasira yake, lile Kiswahili, ni mama kabisa. Siishushi."

Kura moja juu, moja chini. Inabaki yangu. Nimewaomba wanisubiri mpaka tumalize misimu yote, nijue ni zipi zitakazokuwa jirani zake.

9 Juni

Mei yote imepita kwa raha. "The Trouble with Tribbles" iko ya 7, na Kirk kufukiwa na vile viumbe vidogo vya manyoya hadi shingoni bado kunatuchekesha watatu kwa pamoja, Tanga na Muscat. "The Doomsday Machine" ya 8. "Amok Time" ya 5.

Leo ni "The Ultimate Computer". Kompyuta ya M-5 inapewa uendeshaji wa Enterprise, watu wanaonekana hawahitajiki, na Kirk anajiuliza yeye ni nani bila kazi yake. Aliyeibuni ni Dakta Daystrom, bingwa wa kompyuta wa zama zake, na anachezwa na William Marshall, mtu mweusi mwenye sauti ya radi. Mwaka 1968!

Ilipokwisha mjomba alikaa na mikono magotini. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama wa baharini ulianza kutumika kikamilifu, setilaiti na vitufe, na meli hazikulazimika tena kuwa na afisa wa redio. Yeye hakuuliza tena kazi kwenye meli yoyote. Alisema kitu kimoja tu: "Kirk amerudishiwa kiti chake. Nawaandikia msamaha, maana ni tamthilia." Kisha akapiga kura juu hadi ilipokutana na tano bora. Namba 6. Mimi na binamu tuliikubali kila hatua, na si kwa kumwonea huruma. Irudie uone Daystrom anavyoizungumzia mashine yake kama mzazi.

23 Juni

Msimu wa tatu, ule ambao NBC iliupeleka saa nne usiku wa Ijumaa, bajeti imepunguzwa. Hata kuwapo kwake ni kwa sababu mashabiki waliandika barua kwa maelfu.

"Spock's Brain" ndiyo wengi wanayoitupa mkiani: wanawake wanaiba ubongo wa Spock, na McCoy anaurudisha kichwani huku Spock mwenyewe anamwelekeza. Sisi hatukuiweka huko. Ina makosa ya kila aina, ila inakwenda mbele na waigizaji hawajachoka. "The Alternative Factor" haikushikwa na yeyote, na "And the Children Shall Lead" ndiyo imekaa juu yake kwa hatua moja.

28 Julai

Tumegombana juu ya "Plato's Stepchildren". Ile ya tarehe 22 Novemba 1968, Kirk na Uhura wanapobusiana. Mara ngapi umeiona picha ile inatajwa kwenye historia ya televisheni? Binamu alitaka iingie ishirini bora kwa uzito huo.

Mimi nilikataa. Ndani ya hadithi hawabusiani kwa hiari, wanasukumwa na watawala wanaowachezea kama vikaragosi, na dakika arobaini za kabla ya hapo ni kutazama watu wakidhalilishwa. Historia yake ni kubwa kuliko yenyewe. Nichelle Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza na Martin Luther King akamwomba abaki, kwa sababu watu walikuwa wanamwona. Kubaki kwake kumo katika kila sehemu anayokaa kwenye kile kiti na hedifoni sikioni. Nikipima heshima yake nitaipima kwa ile ya kulehemu. Mjomba alikuwa upande wangu. Ya 52.

"Let That Be Your Last Battlefield", wale wawili wenye uso nusu mweusi nusu mweupe, mmoja kulia mmoja kushoto, wanachukiana mpaka sayari yao imekufa yote: ya 31. Somo limepigiwa kengele mno, lakini ile picha ya wanakimbizana ndani ya meli huku nyuma yao mji unaungua haitoki kichwani.

18 Agosti

"Turnabout Intruder" imetazamwa, imekaa ya 72. Mistari 78, mapambano 402, ukiacha yale ya duara.

Ilibaki kura yangu. Baada ya kuingia nyingine zote juu yake, "The Changeling" ilikuwa imeshuka hadi ya 12. Jirani wa chini alikuwa "Journey to Babel", wazazi wa Spock, baba na mwana wasiosemezana kwa miaka 18. Nikajiuliza lile swali letu, moja ipotee, naokoa ipi? Nikaokoa "Journey to Babel". Halafu "Space Seed". Halafu "Errand of Mercy", iliyotuletea Waklingoni, maadui wengine wa Enterprise, mara ya kwanza. Niliendelea kushuka. Kila niliposhinda niliandika sababu, na karibu kila mara ilikuwa ile ile: huku walikaa na jeraha hadi mwisho wa hadithi, kule waliliacha baada ya dakika mbili.

Nikasimama kwenye "Arena". Kirk na yule mjusi Gorn wanapigana kwenye miamba, naipenda tangu utotoni, lakini sikuweza kuichagua mbele ya mwanamke aliyepoteza kila kitu akabaki na lugha ya kwao. "The Changeling" ni ya 23.

Nilimpigia binamu kwanza. Alinyamaza kidogo, akauliza ya 22 ni ipi. "A Taste of Armageddon." Akasema sawa, hiyo haoni haya kuwa chini yake.

Mjomba nilimfuata nyumbani na jedwali lililochapwa, karatasi tatu. Alivaa miwani akalisoma lote kwa kidole, kuanzia mkiani. Alipofika 23 safu ya sababu ilikuwa tupu, nilimwachia yeye. Akaomba kalamu. Aliandika kwa zile herufi zake kubwa za kupokelea ujumbe: KISWAHILI CHAKE NI KWELI. WIKI MOJA SI KWELI. ANGEIMBIWA.

Ile ya mwisho aliitoa kwa bintiye. Nimeipiga picha nikaituma Muscat.